Mvinyo mwekundu wa Italia: kwa nini upande wa kilima una uzito kuliko jina la zabibu

Chukua chupa mbili za zabibu ileile, tuseme Nebbiolo. Moja imeandikwa Langhe Nebbiolo basi, nyingine imeandikwa Barolo na chini yake jina la kilima, labda Cannubi au Bussia, na hiyo ya pili bei yake ni mara tatu au nne, wakati mwingine zaidi. Zabibu ni ileile, mkoa ni uleule, na inawezekana hata mkulima ni yuleyule na mashamba yake yapo umbali wa kutembea kwa miguu. Sasa tofauti inatoka wapi? Wengi wanajibu haraka kwamba wanauza jina tu, na kweli jina lina mchango kwenye bei sibishi, ila ukiifuatilia hii habari unakuta chini ya jina kuna kitu halisi kabisa, jua, baridi, maji na udongo, na kinaelezeka vizuri tu.

Nianze na zabibu yenyewe maana bila hapo mengine hayashikiki. Mvinyo mwekundu mzuri unataka vitu vitatu viive pamoja kwenye zabibu. Cha kwanza sukari, ndo inageuka pombe, na kwa hesabu ya kawaida kama gramu 17 za sukari kwenye lita ya juisi zinatoa asilimia 1 ya pombe. Cha pili asidi, ule uchachu unaofanya mvinyo uwe na uhai mdomoni na uweze kukaa miaka mingi bila kuharibika. Cha tatu tanini, ambayo ipo kwenye ganda na kwenye mbegu, na hii kila aliyekula bibo la korosho anaijua, ni ule ukakasi unaokausha ulimi na kukamata meno. Tanini iliyoiva inashika mdomo taratibu halafu inaachia, tanini mbichi inakwaruza tu na haiachii.

Shida ni kwamba hivi vitatu havina ratiba moja. Sukari inapanda haraka jua likiwa kali. Asidi inashuka haraka joto likizidi, na hasa kama hata usiku haupoi. Tanini nayo ina mwendo wake wa polepole, haitaki kukimbizwa. Kwa hiyo kwenye shamba la joto kali sukari inaweza ikawa imefika mwisho wa Agosti, asidi imeshaondoka, na mkulima akitafuna mbegu bado ni za kijani na chungu (wanatafuna kweli, ni moja ya njia za kupima, mbegu ikiwa ya kahawia na inavunjika kwenye meno kavu kavu basi imekaribia), hapo anabaki na machaguo mawili yote mabaya, avune sasa apate mvinyo wenye ukakasi mbichi au asubiri apate mvinyo mzito wa pombe nyingi usio na uchachu. Shamba la baridi sana shida ni kinyume chake, asidi imejaa, sukari haijafika, halafu mvua za Oktoba zinaingia na zabibu zinaanza kuoza kwenye mti. Shamba zuri ni lile linalovifikisha vyote vitatu ndani ya siku zinazokaribiana, na ukilishika hilo moja, kila kitu kingine nitakachosema hapa chini ni njia tofauti tu za kufika hapo.

Na hapa ndo kuna jambo ambalo sisi wa karibu na ikweta linatupita. Huku kwetu jua linapita karibu na utosi, kwa hiyo shamba liangalie kaskazini au kusini tofauti sio kubwa sana. Italia ipo kati ya nyuzi 36 na 47 kaskazini, kule jua halifiki utosini hata siku moja ya mwaka, siku zote limelalia upande wa kusini. Mteremko unaoangalia kusini unapigwa na jua moja kwa moja na unapata joto zaidi kwa kila mita ya ardhi, mteremko unaoangalia kaskazini mwanga unaupitia kwa kuteleza na Oktoba sehemu zake nyingi zinabaki kwenye kivuli. Yaani kilima kimoja, udongo mmoja, mvua moja, ila pande zake mbili ni kama mikoa miwili. Hata Dodoma, ambako ndo kwenye mizabibu yetu Tanzania, kinachosaidia sana ni mwinuko, kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa hakuna majira ya baridi ya kuulaza mti, wakulima wanavuna mara mbili kwa mwaka. Italia mti unalala miezi ya baridi, unachipua mara moja, unavunwa mara moja, mkulima akikosea mahali pa kupanda anakosa mwaka mzima na mwaka unaofuata anakosa tena palepale.

Twende Barolo sasa, maana hapa hii kitu inaonekana kwa macho. Barolo ipo Piemonte, kaskazini magharibi, kwenye vilima vya Langhe karibu na mji wa Alba, eneo zima ni vijiji 11 tu. Zabibu ni Nebbiolo asilimia 100, sheria hairuhusu kuchanganya na nyingine. Na Nebbiolo inasumbua kweli, inachipua mapema kuliko wenzake kwa hiyo iko hatarini kuunguzwa na baridi ya Aprili, halafu inaiva mwisho kabisa, mara nyingi Oktoba, kwa hiyo inataka jua lote linalopatikana mwaka mzima. Wazee wa kule walikuwa na kipimo chao ambacho hakihitaji kifaa chochote, baridi ikianza kuisha wanaangalia theluji inayeyuka wapi kwanza. Hapo ndo inapandwa Nebbiolo. Mara nyingi ni katikati ya mteremko wa kusini au kusini magharibi, sio kileleni ambako upepo unapiga sana na wala sio chini bondeni, kwa sababu usiku hewa baridi ni nzito inateremka na kutuama chini, na asubuhi machipukizi ya bondeni ndo yanakutwa yameungua.

Sehemu zinazofuata kwa joto wanapanda Barbera. Zenye baridi zaidi wanaweka Dolcetto ambayo inaiva mapema na haina madai mengi. Na upande wa kaskazini kabisa ambako hakuna zabibu nyekundu itakayoiva vizuri, wanapanda miti ya hezelnati, zile njugu za kwenye Nutella, na sio bahati kwamba kampuni ya Ferrero inayotengeneza Nutella ilianzia hapohapo Alba. Kwa hiyo ukiangalia picha ya vilima vya Langhe unaweza kukisoma kilima bila kuwa na ramani, kila zao limekaa kwenye joto lake, na hayo mambo yalipangwa kwa vizazi na vizazi vya watu waliokuwa wanapoteza chakula chao wakikosea. Mimi hilo linanigusa kuliko medali zote wanazobandika kwenye chupa.

Sheria ilikuja kuandika kile ambacho wakulima walishakijua. Mvinyo ukitaka uitwe Barolo lazima shamba liwe kwenye kilima, mwinuko kati ya mita 170 na 540, na mteremko unaoangalia kaskazini umekatazwa kabisa. Mavuno hayatakiwi kuzidi tani 8 kwa hekta. Halafu mvinyo ukae miezi 38 kabla haujauzwa, 18 kati ya hiyo kwenye mbao. Kwa hiyo ile Langhe Nebbiolo ya bei nafuu niliyoanza nayo inaweza ikawa imetoka kwenye shamba lisilokidhi hayo masharti, au kwenye mizabibu michanga ya shamba zuri ambayo mkulima hajaiamini bado, na hiyo ya pili ndo ya kuitafuta kama pesa ni ya mawazo.

Sasa udongo. Hapa nitakaa kidogo maana ndo sehemu inayoongelewa vibaya kuliko zote, utasikia mtu anakwambia huu mvinyo una ladha ya mawe kwa sababu mizabibu imeota kwenye mawe, kana kwamba mizizi inanyonya jiwe inalipeleka kwenye chupa. Haiko hivyo. Kazi kubwa ya udongo ni maji. Mzabibu ukipata maji mengi muda wote unaendelea kutoa majani na matawi mpaka Agosti, unasahau matunda, na zabibu zinakuwa kubwa zimejaa maji. Mzabibu ukikaushiwa kidogo katikati ya majira ya joto, kidogo tu sio mpaka unyauke, unaacha kurefusha matawi na nguvu inaenda kwenye matunda, na punje zinabaki ndogo. Na kwa mvinyo mwekundu hiyo ni habari kubwa, kwa sababu juisi ya zabibu nyekundu karibu zote haina rangi, rangi yote na tanini nyingi vinatoka kwenye ganda wakati juisi inachachuka pamoja na maganda, punje ndogo ina ganda jingi kulinganisha na juisi yake, basi mvinyo unakuwa na rangi zaidi, tanini zaidi, harufu zaidi. Kwa hiyo mtu akikuuliza udongo mzuri ni upi, jibu ni ule unaoachia maji kwa kipimo, na kipimo chenyewe kinategemea mvua ya pale inanyesha kiasi gani.

Barolo udongo wake ulikuwa sakafu ya bahari mamilioni ya miaka iliyopita ukaja kuinuka, ni mchanganyiko wa mfinyanzi na chokaa na mchanga kwa viwango tofauti. Kwa muda mrefu watu wameligawa eneo hili pande mbili kwa kufuata barabara ya bondeni inayotoka Alba kwenda Barolo. Upande wa magharibi, La Morra na sehemu kubwa ya kijiji cha Barolo chenyewe, udongo ni mdogo kwa umri, una mfinyanzi zaidi, unashika maji zaidi, na mvinyo wake unajulikana kwa harufu ya maua na kuwa laini mapema. Upande wa mashariki, Serralunga na sehemu za Monforte, udongo ni mkongwe zaidi na una matabaka ya jiwe la mchanga, na mvinyo wake ni mgumu, tanini imekaza, unaweza kuhitaji miaka kumi na zaidi kabla haujalegea. Wanajiolojia wa siku hizi wanasema mpaka hauko hivyo wazi, matabaka yanaingiliana na kilima kimoja kinaweza kuwa na vyote, na wako sahihi, ila ukiwa unaanza kujifunza huo mgawanyo bado unakusaidia sana kuelewa unachokunywa.

Cannubi ndo kilima maarufu kuliko vyote pale. Ni kirefu, mteremko wake ni wa upole, kipo katikati kinakingwa na vilima virefu zaidi vinavyokizunguka, na udongo wake una mchanga mwingi kuliko majirani, ndo maana mvinyo wake unasifiwa kwa kuwa na harufu na nguvu bila kukaza sana. Na watu walilijua hilo zamani mno, ipo chupa iliyohifadhiwa mpaka leo iliyoandikwa Cannubi na mwaka 1752, neno Barolo halimo kabisa kwenye lebo, yaani kilima kilikuwa na jina sokoni kabla ya mvinyo wenyewe kupata jina.

Cha kushangaza ni kwamba kwa miaka mingi baada ya hapo wafanyabiashara walikuwa wananunua zabibu za vilima tofauti wanachanganya zote kwenye pipa moja. Mwaka 1961 ndo wazalishaji Prunotto na Vietti wakatoa chupa zenye jina la shamba moja, Bussia kwa Prunotto na Rocche kwa Vietti, miaka ya 1970 mzalishaji mwingine, Renato Ratti, akachora ramani ya mashamba bora kwa kuwasikiliza wakulima wazee, na mwaka 2010 ndo majina yakaingia rasmi kwenye sheria, 181 kwa jumla. Ila kuwa makini na hayo majina, hayalingani hata kidogo. Cannubi haifiki hekta 40, Bussia ina karibu hekta 300 na ndani yake kuna miteremko ya kila namna, kwa hiyo neno Bussia kwenye lebo linakwambia kidogo kuliko unavyodhani. Mimi naona hapo walilegea, wenye mashamba ya pembeni walitaka nao wafunikwe na jina kubwa wakakubaliwa.

Kaskazini zaidi ya Barolo, kwenye mpaka wa Uswisi, kuna Valtellina, na hii niiseme haraka japo inastahili makala yake. Kwa hesabu ya kawaida Nebbiolo isingeiva kule, ni milima ya Alps kabisa. Lakini mto Adda pale unapita kutoka mashariki kwenda magharibi badala ya kutoka kaskazini kwenda kusini kama mabonde mengine mengi ya Alps, kwa hiyo upande mmoja wa bonde wote kwa makumi ya kilomita unaangalia kusini. Watu wakajenga kuta za mawe bila saruji, jumla ya urefu wake inatajwa kuwa kama kilomita 2,500, wakabeba udongo wakajaza nyuma ya kuta, wakapanda mizabibu kwenye hizo ngazi. Mawe yanapata joto mchana yanalitoa usiku. Trekta haipandi kule, kila kreti ya zabibu inashushwa kwa mgongo au kwa kamba za waya na sehemu zingine wanakodi helikopta, na ndo maana nikiona mtu analalamika kwamba mvinyo wa kule, Sassella au Inferno, ni ghali namwambia aangalie kwanza picha ya huo mteremko.

Mpaka hapa unaweza kudhani kanuni ni rahisi, tafuta kusini, tafuta jua. Basi shuka mpaka Sicily uone kanuni inavyogeuka kichwa chini.

Etna ni volkano hai, kilele chake kinazidi mita 3,300, na mizabibu imeizunguka karibu pande zote isipokuwa magharibi ambako ni michache. Sicily iko nyuzi 37, tambarare zake zinaungua, zabibu nyekundu za mabondeni zinaanza kuvunwa Agosti. Lakini mvinyo mwekundu bora wa Etna unatoka wapi? Unatoka upande wa kaskazini, kati ya Randazzo na Linguaglossa, mwinuko wa kama mita 600 mpaka 1,000. Upande uleule ambao Barolo umepigwa marufuku kwa sheria, Etna ndo unaotafutwa. Kwa sababu kule hakuna anayelilia jua, jua lipo la kutosha na kubaki, wanacholilia ni ubaridi wa kuchelewesha sukari ili tanini iikute. Joto linashuka kama nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 unazopanda, kwa hiyo shamba la mita 800 linakuwa na nyuzi karibu 5 pungufu ya lililo baharini, halafu usiku mlima unapoa vibaya sana, asidi inabaki. Matokeo yake Nerello Mascalese, ambayo ndo zabibu kuu ya Etna Rosso na lazima iwe angalau asilimia 80, inavunwa Oktoba, mwezi uleule wa Nebbiolo ya Barolo, sehemu mbili zilizoachana kwa zaidi ya kilomita 800! Na mvinyo wenyewe unafanana, rangi hafifu inayopitisha mwanga, asidi ya juu, tanini nyembamba ndefu, harufu ya matunda mekundu na mimea, wengi wakipewa bila kuambiwa wanachanganya. Mahali pamefanya zabibu mbili ambazo si ndugu ziongee lugha inayokaribiana.

Na ndani ya Etna kila eneo dogo lina tabia yake kwa sababu ambayo huwezi kuikuta sehemu nyingine nyingi duniani, udongo wake una tarehe ya kuzaliwa. Huu ni mmiminiko wa lava wa karne fulani, hatua chache mbele ni wa karne nyingine, mmoja umeshasagika kuwa mchanga mweusi laini na mwingine bado ni mawe matupu, na mipaka ya maeneo yanayoitwa contrada mara nyingi inafuata hiyo miminiko. Mwaka 1981 lava ilishuka karibu na Randazzo ikafunika mashamba, na mpaka leo huo mstari mweusi unaonekana umekatiza mizabibu. Kuna faida nyingine kubwa ya huo mchanga wa volkano, yule mdudu filoksera aliyeua mizabibu ya Ulaya mwishoni mwa karne ya 19 hastawi kwenye mchanga, kwa hiyo Etna bado ina miti ya zaidi ya miaka 100 iliyosimama kwenye mizizi yake yenyewe bila kupandikizwa, mmoja mmoja, mifupi, kila mmoja umefungwa kwenye nguzo yake ya mti, imetoa matunda machache sana ila yaliyokolea. Upande wa mashariki wa mlima huohuo, kule Milo, mvua ni nyingi zaidi na nyekundu inapata shida, basi wakakaa na zabibu nyeupe ya Carricante na wakafanya la maana.

Tuscany ipo katikati, kijiografia na kimantiki. Montalcino ambako ndo kwenye mvinyo wa Brunello, zabibu ya Sangiovese tupu asilimia 100, ni kilima kikubwa kama piramidi na mizabibu imekizunguka, na kusini mashariki yake kuna mlima Amiata wenye mita 1,738 ambao unakinga mvua kubwa na mvua ya mawe. Mashamba ya kusini, upande wa Sant'Angelo in Colle, yana joto na mvinyo wake unajaa mdomo, matunda yameiva sana. Mashamba ya kaskazini kama Montosoli yanachelewa, mvinyo ni mwembamba zaidi na una harufu zaidi. Zamani wengi waliusifu upande wa joto maana kuivisha ndo ilikuwa kazi. Miaka hii ya joto kali wenye mashamba ya kaskazini na ya juu ndo wanaotafutwa, na kuna wazalishaji wenye mashamba pande zote mbili wanachanganya makusudi, kusini anampa mwili na kaskazini anampa uchachu. Ile Brunello unayoiona sokoni leo inaruhusiwa kuuzwa Januari ya mwaka wa tano baada ya mavuno, kwa hiyo mwaka ulioandikwa kwenye lebo ni wa kuangalia sana, mwaka wa ukame mkali utampendelea wa kaskazini na mwaka wa mvua utampendelea wa kusini.

Halafu kuna Bolgheri, pwani ya Tuscany, na hii naipenda kwa sababu inaonyesha mahali panaweza kuwa pazuri kabla mtu yeyote hajapaamini. Wenyeji hawakupaona ni pa mvinyo wa maana, walisema karibu na bahari hapatoi kitu. Miaka ya 1940 Mario Incisa della Rocchetta akapanda Cabernet, zabibu ya Bordeaux kule Ufaransa, akianzia shamba lililo juu kilimani, baadaye wakashuka kwenye ardhi ya mawe mengi ya kokoto ambayo inafanana na ile ya Graves kule Bordeaux. Upepo wa bahari unapoza mchana na kukausha majani ili ukungu wa magonjwa usishike, kokoto zinaachia maji yapite. Ndo ikazaliwa Sassicaia, ikaanza kuuzwa na mavuno ya 1968, na mwaka 1978 jarida la Decanter lilipoziweka Cabernet za dunia pamoja London, Sassicaia ya 1972 ikaibuka ya kwanza. Kisheria wakati huo ilikuwa ni mvinyo wa mezani tu, daraja la chini kabisa, mpaka 1994 ndo nyekundu za Bolgheri zikapewa hadhi. Sheria inafuata mahali, haipaumbi.

Puglia, kule kwenye kisigino cha kiatu, ni tambarare na jua kali. Zabibu yake Primitivo inaiva mapema mno, sukari inapaa, asilimia 14 mpaka 15 za pombe ni kawaida kabisa, mvinyo ni mtamutamu mdomoni, mzito, rafiki. Kwa miaka mingi mvinyo wa kusini ulipakiwa kwenye matenki ukapelekwa kaskazini kuongezea nguvu mvinyo mwepesi wa huko. Sisemi ni mbaya, watu wengi huku wanaupenda kuliko Barolo na wana haki, nasema tu kwamba ladha hiyo unayoipenda ni ya tambarare na joto, na ukitaka nyekundu ya kusini yenye uchachu na ukakasi wa kuishi miaka mingi panda milimani Irpinia, nyuma ya Naples, ambako Aglianico, zabibu ya mvinyo wa Taurasi, wakati mwingine inavunwa Novemba.

Mahali peke yake hapatoshi, hilo niliseme wazi. Shamba la Cannubi likiachwa litoe mazao kupita kiasi au pipa likiwa chafu utapata mvinyo wa ovyo wenye jina kubwa. Na kuna mitindo inayofunika mahali, mvinyo wa Amarone wa Valpolicella zabibu zake zinakaushwa miezi mitatu hivi kabla ya kukamuliwa, sukari inakolea, na sehemu kubwa ya unachokionja pale ni ukaushaji, japo hata hapo zabibu za vilimani zinazidi za bondeni.

Jambo linalowaumiza vichwa wakulima saa hizi ni kwamba hii ramani yote ilichorwa kwa hali ya hewa ambayo inaondoka. 2003, 2017, 2022 ilikuwa miaka ya joto na ukame wa kutisha, 2022 mto Po ulikauka kwa kiwango ambacho hakijaonekana kwa miaka 70. Ile miteremko ya kusini ya Barolo ambayo babu alipigania kuipata, sasa kwenye mwaka wa joto zabibu zake zinaungua na pombe inapita 14.5. Sehemu za juu za La Morra na Monforte zilizokuwa zinadharauliwa kwa baridi zinapata wanunuzi, na huko Chianti Classico vijiji vya juu kama Radda na Lamole, ambavyo zamani Sangiovese ilikuwa haiivi kila mwaka, sasa vinatoa mvinyo ambao kwangu ni wa kwanza eneo lile. Hata mazungumzo ya kufungua mteremko wa kaskazini wa Barolo yameshaanza, na yalizua ugomvi mkubwa. Mimi nipo upande wa wanaosema wasubiri, maana mzabibu unaishi miaka 50 na zaidi, na mwaka wa mvua ukirudi hizo zabibu za kaskazini zitabaki za kijani kwenye mti na jina la Barolo kwenye lebo.

Kama unataka kulionja hili mwenyewe badala ya kulisoma, soma lebo kwa kuangalia ukubwa wa eneo. Ikiandikwa jina la mkoa mzima, mfano Toscana (yaani Tuscany) au Puglia, zabibu zimeweza kutoka popote ndani yake. Ikiandikwa kijiji, eneo limebana. Ikiandikwa shamba au contrada, limebana zaidi. Na usichanganye Chianti na Chianti Classico, ya pili ndo vile vilima vya asili kati ya Florence na Siena, ya kwanza ni eneo pana lililopanuliwa baadaye. Pata marafiki watatu mchange, mtafute mzalishaji mmoja mwenye Barolo ya La Morra na ya Serralunga, mwaka uleule, mzifungue masaa mawili kabla na mzinywe kwa pamoja na nyama. Kama Barolo ni mbali sana mfukoni, weka Etna Rosso ya upande wa kaskazini pembeni ya nyekundu yoyote ya tambarare ya Sicily, anza na ya Etna, halafu sikiliza ulimi wako unavyotoa mate kwenye hii na unavyotulia kwenye ile.